Mchanga Uliojaa Mgongoni: Uchambuzi wa Kisa cha Modeli ya Fasiesi

Utangulizi

Kisa hiki kilitokea katika mojawapo ya mabonde ya ufa ya Afrika Mashariki. Jina la nchi, la kitalu na la kampuni nimeyaondoa, visima nimevipa herufi, na namba nimezizungusha kidogo bila kuharibu uwiano wake. Tulikuwa watu wanne tuliojenga modeli. Baadhi ya makosa yatakayosimuliwa hapa ni yangu.

Kwa msomaji ambaye si wa fani hii: neno fasiesi liliingia katika jiolojia mwaka 1838, pale Mswisi Amanz Gressly alipokuwa akichunguza miamba ya milima ya Jura na kugundua kwamba tabaka la umri mmoja hubadilika sura kadiri unavyolifuata. Kwetu sisi wa mafuta, fasiesi ni sura ya mwamba inayokueleza mashapo yake yalitandikwa wapi: ndani ya mkondo wa mto, kwenye fungu la mchanga mlangoni mwa mto, au kwenye tope la kina cha ziwa. Mchanga wa mkondo hupitisha mafuta, tope huyazuia. Kwa hiyo anayetaka kujua mafuta yatatembeaje chini ya ardhi hana budi kwanza kukisia mchanga uko wapi na tope liko wapi, na kazi hiyo ya kukisia ndiyo tunayoipa kompyuta.

Eneo na data tulizokuwa nazo

Mwamba hifadhi, yaani ule unaobeba mafuta, ulikuwa kwenye kina cha takriban mita 1,900, unene wake mita 80, katika eneo la kilomita 6 kwa 8. Tuliugawa katika kanda tatu. Ukanda wa Chini ni wa mito iliyokuwa ikitiririka kuelekea ziwani. Ukanda wa Kati ni wa delta, pale mito ilipomwaga mchanga na kutengeneza mafungu. Ukanda wa Juu ni wa wakati ziwa lilipopanda tena likafunika kila kitu kwa tope, isipokuwa vipande vyembamba vya mchanga.

Visima vilikuwa vitano. A, B, C na D vilichorongwa juu ya mgongo wa umbo la mwamba, vyote ndani ya kilomita mbili na nusu. E peke yake ndicho kilichokuwa ubavuni. Hilo halikuwa kosa la mtu. Mgongoni ndipo mafuta hukusanyika, na ndipo data za mitetemo (mawimbi yanayotumwa ardhini na kupokewa yanaporudi) zilipong'aa zaidi, na hakuna meneja atakayelipia kisima pale ambapo picha imefifia.

Data za mitetemo zenyewe zilikuwa nzuri, lakini zina mpaka wake. Mawimbi yalisafiri kwa kasi ya karibu mita 2,800 kwa sekunde na masafa yake yalikuwa kama hezi 40, hivyo urefu wa wimbi ni mita 70, na kitu chembamba kuliko robo ya hapo, yaani mita 17 hivi, hakitenganishwi na jirani yake. Mikondo yetu ilikuwa na unene wa mita tatu hadi nane. Mitetemo ilituonyesha ukungu wa mchanga, haikutuonyesha mkondo mmoja mmoja.

Hebu pigeni hesabu pamoja nami. Gridi yetu ilikuwa na seli za mita 50 kwa 50 kwa mita 1. Hizo ni seli 120 kwa 160 kwa 80, jumla zaidi ya milioni moja na nusu. Visima vitano vya mita 80 vinatupa seli 400 ambazo tunajua kwa hakika kuna nini ndani yake. Zilizobaki zote ni za kukisia.

Modeli ya kwanza

Mzee wetu wa kore, mtu aliyetumia miaka mingi akiinamia masanduku ya sampuli za mwamba, alikuwa ameainisha fasiesi kumi na moja. Sisi wa kompyuta tuliziona nyingi mno. Tukazikusanya ziwe tatu kwa kufuata upitishaji wa mafuta: mchanga mzuri, mchanga mchafu, na tope. Mchanga wa mkondo na mchanga wa fungu la mlangoni ukawekwa kapu moja kwa sababu vipimo vya maabara vilionyesha upenyezaji wake unakaribiana.

Hapo kuna jambo moja tulilolifanya vizuri, nalo nalitaja kwa sababu wengi huteleza. Mchanga wa mabonde ya ufa hutokana na miamba ya kale ya graniti na naisi iliyo karibu, kwa hiyo hubeba madini ya feldispa yenye potasiamu, na potasiamu hiyo hutoa mionzi ya gama. Anayetenganisha mchanga na tope kwa logi ya gama peke yake (logi ni mfululizo wa vipimo vinavyochukuliwa ndani ya kisima) ataita mchanga tope. Tulitumia logi za msongamano na nyutroni pamoja na kore, tukaepuka mtego huo.

Kisha tukachagua njia ya kujaza gridi. Tulichukua ile iliyozoeleka kuliko zote, uigaji wa viashiria kwa mfuatano. Kompyuta hupita seli baada ya seli bila mpangilio, na kwa kila seli hukokotoa uwezekano wa kila fasiesi kutokana na majirani waliokwisha kujulikana, kisha hurusha shilingi. Mizizi ya hesabu hizi ni ya machimboni Afrika Kusini, ambako Danie Krige mwaka 1951 alikuwa akitafuta namna bora ya kukadiria dhahabu, na Mfaransa Georges Matheron akaja kuzipa misingi ya kinadharia. Kinachoiongoza kompyuta ni variogramu, yaani mchoro unaoeleza kufanana kwa nukta mbili kunavyopungua kadiri zinavyoachana.

Variogramu ya wima ilikuwa imara, maana logi husoma kila sentimita 15. Ya mlalo? Visima vitano vinatoa jozi kumi tu. Huwezi kuchora chochote cha maana kwa jozi kumi. Nikaandika mita 1,500, sawa kila upande, kwa sababu ndiyo namba iliyokuwa kwenye faili la mradi uliotangulia. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza.

Sehemu ya mchanga, yaani asilimia ya mwamba iliyo mchanga, tuliipata kwa wastani wa visima: A asilimia 42, B 40, C 39, D 43, E 26. Wastani 38. Tukaiingiza 38.

Mzee wa kore alipoonyeshwa modeli kwenye skrini alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Wanangu, hii si mito. Hivi ni viazi vilivyomwagika kutoka kwenye gunia." Tulicheka. Tulimjibu kwamba sura si hoja, takwimu zinalingana na visima. Kwa kweli zililingana.

Jaribio la presha

Kabla ya kuandika mpango wa uendelezaji tulifanya jaribio la kuzalisha kisima B huku vipimo vya presha vikiwa vimeshushwa ndani ya A na C. Tulitaka siku 30, tukapewa 18. Mafuta ya mabonde haya yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida kama samli ya asubuhi, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa lipashwe joto njia nzima. Kuyahifadhi kwenye matangi ya moto kwa siku 30 ni gharama ambayo bajeti ya jaribio haikuibeba.

Modeli ilisema C, kilicho mita 900 kutoka B, kitahisi kushuka kwa presha ndani ya siku mbili. Siku 18 zikapita, C hakikutikisika. A, kilicho mbali zaidi kwa mita 500, kilianza kushuka siku ya nne.

Na ndani ya B kwenyewe presha ilikuwa ikisema kitu. Mchoro wake wa mabadiliko ulipanda kwa mteremko wa nusu, yaani presha ilikuwa ikishuka kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda. Hiyo ni alama ya mafuta yanayotiririka kati ya kuta mbili zinazoenda sambamba. Mhandisi wetu wa hifadhi alikokotoa upana wa kama mita 250. Kisima B kilikuwa ndani ya mkondo, na mkondo ulielekea A.

Uamuzi wa haraka, na sababu zake

Tulikuwa na njia mbili. Kuirudia modeli ya fasiesi tangu mwanzo, kazi ya miezi. Au kuzidisha upenyezaji kwa 0.1 katika kisanduku kati ya B na C, kazi ya mchana mmoja.

"Mzee, tarehe ya kukabidhi mpango ni wiki sita," meneja alimwambia mzee wa kore, kwa adabu lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Nitamtetea kidogo. Mdhibiti alikuwa akisubiri, washirika walikuwa wamekwisha kupanga fedha, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba kati ya B na C hakuna ufa mdogo uliofichika ambao ungeeleza yote. Ufa mdogo ni maelezo yanayokubalika siku zote katika bonde la ufa.

Tukazidisha kwa 0.1. Modeli ikalingana na jaribio kwa uzuri wa kupendeza. Ilikuwa ni kumeza dawa ya kushusha homa bila kupima malaria.

Kisima F

Miezi minne baadaye kilichorongwa kisima cha uhakiki, F, ubavuni, upande wa pili wa E. Modeli ilitabiri mita 29 za mchanga. Tulipata 14. Asilimia 18 ya unene wote.

Sikuhudhuria kikao cha asubuhi ile. Nilikaa mbele ya kompyuta nikifungua toleo moja baada ya jingine kati ya matoleo ishirini ya modeli tuliyokuwa nayo, kila moja likitokana na kurusha shilingi upya, nikitafuta hata moja lenye mita 14 mahali pale. Dogo kuliko yote lilikuwa na 23. Ishirini zote zilikuwa zimekosea kwa upande mmoja, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa na matoleo ishirini. Tulikuwa na dhana moja iliyorudiwa mara ishirini.

Kujenga upya

Tulianza kwenye sehemu ya mchanga, kabla ya kugusa njia yoyote. Mgongo ulikuwa karibu asilimia 30 ya eneo, ubavu 70. Wastani wa visima vya mgongoni ni 41. Wastani wa E na F ni 22. Ukiwapa uzito wa eneo wanaloliwakilisha, jibu ni asilimia 28, siyo 38. Na hata bila F, kwa E peke yake, tungepata 30 au 31. Data ya kutuonya ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza.

Fasiesi tukazirudisha kuwa tano, safari hii kwa umbo na siyo kwa upenyezaji: mkondo, kingo na mchanga wa mafuriko, fungu la mlangoni, mteremko wa delta, tope la ziwa. Mzee wa kore ndiye aliyeongoza kikao hicho.

Kisha tulipoteza wiki saba. Mwenzetu mmoja alipendekeza takwimu za nukta nyingi, njia iliyopata nguvu kuanzia mwaka 2000 kwa kazi ya Sebastien Strebelle huko Stanford. Badala ya variogramu unaipa kompyuta picha ya kufunzia, nayo inajifunza maumbo kutoka humo. Wazo zuri. Tukachukua picha za setilaiti za mito inayoingia maziwa ya ufa leo, Omo ikiingia Turkana, Semliki ikiingia ziwa Albert, Rusizi ikiingia Tanganyika, tukachora mikondo yake. Matokeo yalivutia macho. Lakini picha ya setilaiti ni ya siku moja. Inaonyesha mto ulivyolala leo, haionyeshi jinsi mikondo ya maelfu ya miaka inavyopandana na kukatana, na huko kupandana ndiko kunakoamua presha. Zaidi ya hapo, delta hubadilika kutoka juu hadi mlangoni, ilhali njia ile inataka picha inayofanana kila sehemu. Tuliiacha, na nadhani tulipaswa kuiacha katika wiki ya pili.

Tulichobaki nacho ni mchanganyiko. Ukanda wa Chini ulijengwa kwa vitu: kompyuta inapachika mikondo yenye upana, unene na mwelekeo, hadi idadi inayotakiwa ifikiwe, huku ikiheshimu visima. Upana tuliutoa kwenye jaribio la presha, mwelekeo kwenye mstari wa A na B pamoja na ule ukungu wa mitetemo. Ukanda wa Kati tulitumia njia ya Gausi iliyokatwa, iliyobuniwa Ufaransa na Matheron na wenzake miaka ya 1980. Njia hii huzipanga fasiesi kwa foleni. Huwezi kutoka kwenye fungu la mlangoni ukaangukia tope la kina bila kupita mteremko wa delta. Mjerumani Johannes Walther alikwisha kusema mwaka 1894 kwamba fasiesi zinazofuatana kwa wima bila pengo ndizo zilizokuwa jirani kwa mlalo, na kore zetu za Ukanda wa Kati zilikuwa zikionyesha foleni hiyohiyo kila mara.

Ukanda wa Juu tuliuacha kama ulivyokuwa, kwa njia ya viashiria. Mchanga wake ulikuwa mdogo, muda ulikuwa umekwisha.

Tulitengeneza matoleo 60, tukibadilisha sehemu ya mchanga kati ya 22 na 34, upana wa mikondo na mwelekeo wake. Hatukuyapanga kwa wingi wa mafuta yaliyomo. Tuliyapanga kwa kiasi cha mafuta kinachofikiwa na visima vya kuzalisha na wakati huohuo kinachosukumwa na visima vya kusukumia maji ardhini.

Matokeo

Mpango ulichelewa miezi saba. Makadirio ya mafuta yanayoweza kutolewa yalishuka kwa karibu theluthi, na hilo lilileta vikao ambavyo sitavisimulia. Visima vya kusukumia maji viliongezwa kutoka vitatu hadi vitano, na badala ya kupangwa safu moja ubavuni viliwekwa kwa kufuata mikondo, kila kimoja kikitazamana na kisima cha kuzalisha ndani ya mkanda uleule wa mchanga.

Kisima cha saba, G, kilitabiriwa kwa kanda mbili za chini kati ya mita 10 na 22 za mchanga. Zilipatikana 16. Kwa Ukanda wa Juu tulitabiri mita 1 hadi 3. Zilipatikana 6.

Uchambuzi

Kazini watu husimulia kisa hiki kwa kusema "viashiria vilituangusha, vitu vikatuokoa." Sikubaliani. Tungeingiza asilimia 38 kwenye modeli ya vitu, tungepata mito mizuri ya kutazama, ya upana sahihi, na bado ingetuambia B na C vinaongea.

Sababu ni ya hesabu, na ningependa kila mhandisi kijana aijue kabla hajagusa programu. Ukitupa maumbo ya mchanga ovyo ndani ya nafasi ya pande tatu, mwanzoni yanakaa visiwa visiwa. Ukiendelea kuongeza, unafika kizingiti ambapo ghafla visiwa vinaungana kuwa bara moja kutoka upande mmoja wa modeli hadi mwingine. Kizingiti hicho kiko kati ya robo na theluthi ya ujazo, kutegemea umbo na mpangilio. Asilimia 38 iko juu yake kwa raha. Asilimia 28 imekaa juu ya wembe. Kwa hiyo kosa la pointi kumi katika sehemu ya mchanga, ambalo kwenye hesabu ya wingi wa mafuta ni kosa la robo, kwenye hesabu ya muunganiko ni tofauti kati ya hifadhi moja na vijihifadhi ishirini.

Na jicho halisaidii. Kwenye bapa la pande mbili kizingiti ni kikubwa zaidi ya maradufu, huwa karibu na theluthi mbili. Ndiyo maana tulipokata modeli ya kwanza na kuitazama ubavu kwenye skrini tuliona vipande vya mchanga vilivyotengana, tukaridhika kwamba tumeweka vizuizi vya kutosha. Vipande vile vilikuwa vimeungana vyote, nje ya bapa tulilokuwa tukilitazama. Tangu hapo sikubali kikao cha kukagua modeli kianze na picha za mkato. Naomba kwanza kompyuta ihesabu makundi ya seli zilizogusana na kunipa ukubwa wa kundi kubwa kuliko yote.

Ile mita 1,500 niliyoirithi ilichangia, lakini kidogo. Kosa kubwa lilikuwa kuifanya sawa kila upande, ilhali mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya mto anajua una urefu na una upana. Kuzikusanya fasiesi kwa upenyezaji nalo lilikuwa kosa ambalo halionekani kwenye takwimu yoyote. Mchanga wa mkondo ni mkanda, wa fungu ni sahani, na vikiwekwa kapu moja kompyuta haina namna ya kujua ni umbo gani ichore.

Kizidisho cha 0.1 kilikuwa na madhara makubwa kuliko tulivyofikiri. Siyo tu kwamba hakikutibu. Kilikula ushahidi. Jaribio la presha lilikuwa limetupa upana wa mkondo na mwelekeo wake, vitu ambavyo mitetemo isingeweza kutupa kamwe, na tukavitumia kununua mstari unaolingana kwenye grafu ya ukurasa mmoja. Tulipovirudia, miezi minne baadaye, namba za mhandisi zilikuwa bado kwenye daftari lake.

Kilichofanya kazi ni kupanga matoleo kwa muunganiko, kwa kuwa swali la mpango lilikuwa visima vya maji viwekwe wapi. Kingine ni kumpa mzee wa kore kiti cha mbele. Alikuwa sahihi kuhusu viazi, ingawa hata yeye hakujua ni kwa kiasi gani.

Ukanda wa Juu unabaki deni. Ule mchanga wa mita 6 wa kisima G ulikuwa na maji mahali ambapo kanda za chini, kwenye kina hichohicho, zilikuwa na mafuta. Tumeacha kipimo cha presha mle ndani. Wiki ya kwanza ya kusukuma maji kwenye Ukanda wa Kati hakikuonyesha kitu. Wiki ya tatu kilianza kupanda.